Kaka yangu anataka nimwandike kijana wake kwa safari yangu ya Ujerumani

SWALI

Anti habari yako. Huwa nasoma majibu yako kitambo na sikuwahi fikiria siku moja mimi pia nitaandika lakini hii mambo imenikalia kwa roho mpaka usingizi umepotea.

Niko na duka la pombe hapa Kasarani. Nilianza na kaduka ka kawaida, hizi za dirisha la grili, lakini siku hizi wateja wangu wengi ni wa waini, akina mama wa chama, wasichana wa ofisi, watu wa harusi na ruracio, kwa hivyo nikapanua huo upande. Shida ni kwamba nanunua kwa wasambazaji wakubwa na wao ndio wanakula faida, mimi nabaki na kitu kidogo sana kwa chupa na kodi ya nyumba inangoja. Mwaka jana nikapata mawasiliano na familia moja ya Ujerumani wanaotengeneza waini kwa shamba lao, tukaongea kwa imeili na Watsapu mpaka wakaniambia watakuwa na kibanda kwa maonyesho ya ProWein kule Düsseldorf mwezi wa tatu, nikuje nionje niongee nao na wengine. Barua ya mwaliko wamenitumia. Tikiti ya kuingia nimelipa, pesa ya ndege iko kwa sako, leseni ya kaunti iko sawa, na apointmenti ya viza ni baada ya wiki mbili.

Sasa hapo ndipo kaka yangu mkubwa ameingia. Anti, huyu si mtu wa kukataliwa hivi hivi. Baba alipokufa nilikuwa darasa la saba na kaka ndiye aliacha shule akaenda kuwa makanga wa matatu ndio mimi nisome, kutoka fomu wani mpaka fomu foo karo yote ni yeye, na hata pesa ya kwanza ya kukodi hii duka alinipa yeye. Hajawahi kunikumbusha hata siku moja. Sasa ndio mara ya kwanza ameomba kitu, na kitu chenyewe ni nimwandike kijana wake wa miaka 23 kama meneja wa stoo yangu, niwaambie wale Wajerumani waongeze jina lake kwa mwaliko, tuende naye, halafu asirudi. Ati kuna mtu wa kwetu yuko Frankfurt atampokea. Kaka anasema ni karatasi tu, stempu ni yangu, paisilipu kuna mtu River Road anatengeneza, na gharama zote za kijana ni juu yake. Ameshapata mtu wa kununua kipande cha shamba.

Kijana mwenyewe hana makosa. Amemaliza kozi ya mafriji na eya kondishena na hajapata kazi, wikendi huja kunisaidia dukani, na friji yangu kubwa ilipokufa Desemba fundi wa kulipwa alisema niinunue ingine lakini huyu kijana aliifungua akakaa nayo mpaka usiku na ikawaka. Nikimuuliza kuhusu hii safari ananyamaza, anaangalia simu.

Mama amesema nikimkataa kaka nisimpelekee habari za waini tena. Bwanangu naye anasema nikikubali nisimhusishe. Nilikuwa nafikiria nimwambie kaka ubalozi umekataa kuongeza watu, yaishe, tusikosane. Niambie ukweli Anti. Na kama nitaenda peke yangu, nifanye nini huko nisirudi na picha tu? Mimi nje ya Kenya nimefika Arusha pekee.

Mama wa duka, Kasarani

JIBU

Mamangu, pole kwa usingizi. Usimwandike kijana. Hata mama akinuna mpaka Pasaka, usimwandike.

Kaka anasema ni karatasi tu, basi tuiangalie hiyo karatasi. Ukisema kijana ni meneja wako, ubalozi utataka kuona mshahara wake unaingia wapi kila mwezi, makato ya NSSF na SHA yako wapi, na wakiwa na shaka watapiga simu dukani siku ya kazi waulize msichana wako wa kaunta meneja wa stoo anaitwa nani. Paisilipu ya River Road haina kitu nyuma yake. Na usidhani ikigunduliwa itakuwa kesi ya kijana peke yake. Sheria ya ukaaji ya Ujerumani, kifungu cha 95, inasema anayetoa maelezo ya uongo ili yeye au mtu mwingine apate viza anaweza kufungwa hadi miaka 3 au kupigwa faini. Huyo mtu mwingine ni kijana na anayetoa maelezo ni wewe, na stempu yako.

Tuseme basi mambo yapite, viza itoke, mfike. Tangu Oktoba 2025 nchi za Schengen, zile za Ulaya zinazotumia viza moja, zilianza kuandikisha wageni mpakani kwa picha ya uso na alama za vidole badala ya kugonga muhuri kwa pasipoti, mfumo unahesabu siku wenyewe, siku zake zikiisha bila yeye kutoka jina linajitokeza, hakuna haja ya askari kumkuta barabarani. Swali la kwanza litakuwa alikuja na nani. Alikuja na wewe, kwa mwaliko wa hiyo familia iliyokuamini bila kukuona. Watu wa waini wale ni wa kizazi baada ya kizazi, wanajuana, wanaulizana kuhusu wanunuzi. Wewe mwenyewe mwaka ujao ukiomba viza tena utakuwa unaelezea ya kijana kabla hujaelezea ya duka.

Lakini kinachonisumbua zaidi ni yeye. Kwa barua yako yote kaka amesema, mama amesema, bwanako amesema, na huyo kijana ambaye maisha ni yake anaangalia simu. Je, kuna mtu amemuuliza anataka nini? Viza ya biashara haimruhusu kuajiriwa. Atafanya kazi za kujificha, kwa mtu anayejua kwamba akimnyima mshahara hana pa kushtaki, hawezi kukodi nyumba kwa jina lake, akiugua anaogopa hospitali. Na nyanya yake akifariki, Mungu amweke, hataweza kuja kumzika, kwa sababu akitoka hatarudi. Mwambie mama hilo la mwisho, mwambie kwa upole kabisa, nafikiri hakuna aliyemwambia.

Sasa angalia mkono wa huyo mtoto. Amefufua friji ambayo fundi wa kulipwa aliikatia tamaa. Ujerumani kuna mafunzo ya kazi wanayaita Ausbildung, kijana anasoma chuoni siku kadhaa na siku zingine yuko kwa kampuni, na hiyo kampuni inamlipa kila mwezi akiwa bado anajifunza. Ufundi wa mitambo ya baridi ni mojawapo, unachukua miaka 3 na nusu. Kitu kinachozuia wengi wetu ni lugha, kwa kawaida wanataka Kijerumani cha kiwango cha B1, na hiyo inaanzia A1 pale Goethe-Institut, Maendeleo House, Monrovia Street, ama kwa mwalimu mwingine yeyote mzuri bora mtihani uwe ni ule unaotambuliwa. Akikazana ni kama mwaka mmoja. Tena Kenya na Ujerumani zilitia sahihi mkataba wa uhamiaji wa kazi Berlin tarehe 13 Septemba 2024, kwa hivyo mlango wa halali upo. Ndio, ni mrefu kuliko wa kaka, lakini akiingia kwa huo atarudi Krismasi na zawadi na hakuna wa kumuuliza. Tahadhari moja hapa: baada ya huo mkataba kumetokea watu wengi wa kuahidi kazi Ujerumani kwa malipo ya mbele. Ajenti yeyote atakayewaambia hivyo, angalieni kwanza kama yuko kwa orodha ya waliosajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, ile NEA, kabla shilingi moja haijatoka.

Kwa hivyo hilo shamba lisiuzwe. Hili ni la haraka kuliko hata viza yako, maana umesema mnunuzi amepatikana.

Kuhusu kumwambia kaka ubalozi umekataa, tafadhali usifanye hivyo. Najua unataka kulinda undugu, lakini ukisingizia ubalozi atasema sawa, tungoje mwaka ujao, na mwaka ujao utatafuta uongo mwingine, na shamba litakuwa limeshauzwa kwa matumaini hayo. Huyu ni mtu aliyeacha shule kwa ajili yako, anastahili kusikia hapana yako kwa mdomo wako. Nenda kwake, usipige simu, usitume voisi. Nenda kabla ya apointmenti, wikendi hii ikiwezekana, na usiende siku mama yuko. Anza na deni, ulitaje wewe mwenyewe, umwambie kaka najua ulichonifanyia na sijawahi kusahau, nataka kukulipa na nitamlipia huyu kijana kozi ya Kijerumani mpaka amalize. Halafu ndio umwambie siwezi kumwandika, nitapoteza duka na yeye atapotea. Usijitetee sana. Atakasirika, pengine atasema maneno, wewe nyamaza usikie yote. Mtu aliyebeba familia tangu ujana akiomba msaada mara moja na kukataliwa lazima aumie, hiyo haimaanishi umekosea. Ila hiyo ahadi ya kozi itimize mwezi huu huu, lipa A1 umpelekee risiti, kwa sababu ukisema halafu usubiri urudi safari ataona ulikuwa unamtuliza tu.

Na uzungumze na kijana mkiwa wawili, hapo dukani mkipanga krati. Wewe ni shangazi yake, anaweza kukuambia yale hawezi kumwambia baba. Inawezekana hata Ujerumani hataki, anataka tu mtu amshike mkono afungue kibanda chake cha kutengeneza mafriji hapo Mwiki.

Haya, safari yako sasa, maana nayo naitaka sana ifaulu.

Viza kwanza. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima, bima ya safari lazima iwe ya yuro 30,000 kwenda juu, na pasipoti iwe na angalau miezi 3 baada ya siku utakayotoka kule na kurasa mbili tupu. Hiyo pesa iliyo kwa sako, usiitoe yote siku moja mbili kabla ya apointmenti uimwage kwa akaunti bila maelezo, wataona pesa nyingi imeingia ghafla na kuuliza imetoka wapi, toa sasa na ubebe stetimenti ya sako pamoja na ya benki na ya Empesa ya duka. Beba mkataba wa kukodi duka, leseni, cheti cha usajili wa biashara, cheti cha ndoa na vya kuzaliwa vya watoto kama unao, hivyo ndivyo vinaonyesha una sababu ya kurudi. Na ndege, kama utapata bei nzuri ya kupitia Amsterdam chukua, viza ya Ujerumani inakuruhusu kuingilia Uholanzi na kutoka hapo kuna treni mpaka Düsseldorf, mradi uwe na karatasi za maonyesho mkononi wakikuuliza unaenda wapi. Hoteli za Düsseldorf siku za maonyesho bei hupanda vibaya sana, tafuta Duisburg au Neuss, ni mwendo mfupi wa treni, kisha kutoka stesheni kuu ya Düsseldorf unapanda treni ya mjini ya U78 inakuacha kwenye maonyesho.

Kabla hujaonja hata tone moja, keti na kalamu ujue chupa itafika Kasarani kwa pesa ngapi. Hapa ndipo wenzetu wengi hurudi na picha. Mtu anakwambia bei tamu ya yuro mbili au tatu na unashangilia, kumbe ni bei ya mlangoni kwao shambani. Uliza kila mara, hiyo bei ni ya mlangoni, ya bandari ya kwenu, ama ya kufika Mombasa? Juu ya hiyo ya Mombasa weka ushuru wa forodha, ada ya tamko la uagizaji asilimia 2.5, tozo ya reli asilimia 2, ushuru wa bidhaa, VAT asilimia 16, stempu za KRA, na lori au treni mpaka Nairobi. Na lazima mzigo ukaguliwe huko huko kabla ya kupakiwa na kampuni iliyoteuliwa na KEBS, bila hicho cheti utateseka bandarini. Kuingiza pombe pia kunataka leseni ya KRA ya uagizaji ambayo duka la rejareja kwa kawaida halina, kama huna ongea sasa na mwagizaji mwenye nayo muone mtagawana vipi, usingoje mpaka umeshapeana mkono na Mjerumani.

Kuna jambo litakupendeza hapo. Tangu mabadiliko ya kodi ya Desemba 2024 ushuru wa bidhaa kwa waini unahesabiwa kwa kilevi halisi kilichomo ndani ya chupa, si kwa lita tu. Sasa wateja wako wa chama nawajua, wanataka nyekundu tamu, baridi, isiyokwaruza koo. Ujerumani wana zabibu nyekundu inaitwa Dornfelder, na ile iliyoandikwa lieblich ina utamu huo na kilevi chake mara nyingi ni kama asilimia 9 au 10, wakati nyekundu kavu za Uhispania zinafika 14. Chupa ni ile ile lakini kodi imepungua, na mteja wako ndiye huyo huyo. Iliyoandikwa trocken ni kavu, onja ujue lakini usiagize nyingi kwa Kasarani. Uliza pia kama wako tayari kubandika lebo yenye onyo la afya na la umri wa miaka 18 vile sheria yetu ya vileo ya 2010 inavyodai, wakikubali kubandika kwao umeokoa kazi kubwa. Paleti moja hubeba kama chupa 600, kwa mara ya kwanza usizidishe hapo, na uliza itasafiri kwa kontena ya namna gani, waini ikikaa juani bandarini wiki nzima inapikika.

Kuonja kwenyewe, tema. Kila meza ina ndoo ya kutemea na kila mtu anatema, wazee wa suti wanatema, hakuna aibu. Unamimina kidogo, unanusa, unazungusha mdomoni, unatema, unaandika kwa daftari jina, bei, asilimia ya kilevi na ulichohisi. Ukimeza kila kitu kufika saa sita huwezi kutofautisha waini na juisi na umepoteza siku uliyoilipia kwa sako. Kula asubuhi vizuri. Siku ya kwanza nenda kwa wenyeji wako waliokualika, kaa nao, wapelekee kahawa nzuri ya Nyeri iliyokaangwa na kufungwa vizuri, hiyo hairuhusiwi kukosekana, halafu siku zingine ndio uzunguke kwa wengine. Kadi za biashara chapisha nyingi hapa Nairobi, zenye namba ya Watsapu.

Kurudi usijaze sanduku chupa. JKIA unaruhusiwa lita 2 za waini bila kodi, yaani chupa mbili za kawaida na nafasi inabaki. Ukipenda sampuli zaidi waambie wazitume kwa kuria na karatasi zake. Na koti zito tafuta Toi au Gikomba mapema, ukimwambia muuzaji unaenda Ulaya kwa baridi atajua akupe lipi, ila usimwambie kabla hamjapatana bei.